Kucha za Hina na Maji ya Mtungi

Enzi zetu pale Ujiji, maji ya kunywa hayakuchotwa na kila mtoto. Ya kuoshea vyombo alichota yeyote mwenye ndoo, lakini ya mtungi yalikuwa na mtoto wake maalumu, na nyumbani kwetu mtoto huyo nilikuwa mimi. Acheni niringe kidogo. Vijana wa leo maji yao yanatoka dukani na kifuniko cha bluu, hawajui cheo hicho kilivyokuwa kitamu.

Bibi alikuwa na kipimo chake. Alitupaka hina kwenye kucha za miguu, na agizo lilikuwa moja: ingia ziwani mpaka maji yakufike kiunoni, tulia tope la chini lishuke, kisha tazama miguu yako. Ukiziona kucha zako nyekundu, na vidagaa wakaja kukutekenya vidole, chota. Usipoziona, songa mbele au hamia kwingine. Nilikuwa nasimama pale asubuhi, maji baridi, mawese ya muhogo wa asubuhi bado yananata midomoni, nikivisubiri vile visamaki kama wageni.

Siku moja wenzangu walikuwa wamekwisha kupanga mchezo wa rede ufukweni na wananiita. Mimi huyo, nikachota magotini, pale pale watu walipokuwa wakiburura mitumbwi na kutibua matope, nikapandisha mbio.

"Kucha umeziona?" Bibi akauliza.

"Nimeziona Bibi, nyekundu kabisa."

Akainama akaitazama miguu yangu. Hina ilikuwa imekwisha kufutika, kucha nyeupe pe. Bibi alicheka mpaka kanga ikamvuka begani, kisha akayamwaga maji yote kwenye mchicha na mtungi akampa binamu yangu. Nililia kuliko siku niliyong'olewa jino. Mwezi mzima nikachota maji ya masufuria, huku binamu akipita mbele yangu na maringo yake. Siku Bibi aliponiita tena na kibakuli cha hina, nilinyoosha miguu kama bi harusi. Sikudanganya tena.

Sasa mwezi uliopita, Mwajuma, binti wa mdogo wangu, alikuja kutoka chuoni na wenzake watatu kupima maji ya ziwa. Walikuwa na kisahani cheusi na cheupe kimefungwa kamba, wanakishusha majini mpaka kisionekane. Nikawacheka. Nikawaambia sisi tulizaliwa na visahani vyetu miguuni.

Mwajuma hakukasirika. "Basi tuoneshe, Shangazi. Mlikuwa mnachotea wapi?"

Nikapandisha kanga, nikaingia mpaka kiunoni, mahali pale pale. Nikatulia. Miguu yangu sikuiona. Nikasonga pembeni hatua kumi, kumi nyingine, ndipo vidole vikajitokeza, hafifu. Niliumia moyo, nasema kweli.

Mwajuma akanionesha beseni lao: konokono wadogo na vijidudu vya kwenye mawe. Akasema wapo, ziwa lina uhai bado, ila kandokando panachoka kwa udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya milimani na sabuni ya ufukweni. Alisema kwa adabu, akiangalia pembeni. Nyuma yangu, juu ya jiwe, kulikuwa na nguo zangu nilizofua asubuhi ile, na povu lake lilikuwa halijaondoka.

Siku hizi nafua uani na maji yake naimwagia migomba, ambayo haijalalamika. Majirani wawili wamefuata, wa tatu ananinunia. Mwajuma ameahidi kurudi baada ya masika kupima tena, nami nimekwisha kumwekea samaki wa ziwa letu, migebuka mikavu.

Enzi zetu wazee ndio waliotupima sisi watoto. Siku hizi watoto wanatupima sisi wazee, na mimi mtihani wa kwanza nimeanguka. Najiandaa kwa wa pili.