Daraja Lisilo na Pembeni

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: je, mama yule aliona kwamba nilikuwa nimefumba macho? Kama aliona, basi mimi ni mwoga tu. Kama hakuona, mimi ni mtu aliyemshika mkono mama mkwe wake mchana kweupe, kwa kutaka, juu ya mto Kingani.

Nilipokwenda Unguja kusoma, mto ule ulivukwa kwa mtumbwi. Watu walisubiri zamu matopeni, wakagombana na mvushaji, na wengine hawakufika ng'ambo kwa sababu mamba nao walikuwa wakisubiri. Niliporudi na ijaza yangu, hati ya ruhusa ya kufundisha dini, nikakuta daraja limejengwa kwa amri ya wakubwa wa huko huko Unguja, mbao zimetandikwa ukingo hadi ukingo, misafara ya pembe za ndovu inapita bila kulowa miguu. Kila mtu alilisifu. Mimi nililiogopa. Katikati ya ubao na ubao niliyaona maji, na nikiyaona nawaza misumari, nikiwaza misumari nawaza kutu. Mtumbwi sikuwahi kuuogopa hata siku moja. Hilo nalo lilinitia haya, maana nilitarajiwa kurudi na akili zaidi.

Siku ile natoka mjini kwenda shamba. Nilikuwa katikati ya daraja wapagazi wa Kinyamwezi walipoingia kutoka upande wa pili wakiimba, na mbao zikaanza kurukaruka. Nikafumba macho, nikashika kilichokuwa karibu. Kilikuwa mkono wa mtu. Nilipofumbua nikamwona mama wa mchumba wangu, tenga la muhogo kichwani, uso ameugeuzia majini.

Kwetu mkwe hatazamwi ovyo. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kichakani mpaka apite. Zamani za mtumbwi, mmoja wenu angesubiri ukingoni hadi safari ya pili. Darajani hakuna kichaka.

Wapagazi wale ni watani wetu, na mtani haachi kitu kama hicho kipite. Mmoja akasimama na pembe yake begani.

"Mwalimu," akasema, "anayeshikwa mkono ni binti."

Wakacheka mpaka mbao zikatikisika tena. Mama akautoa mkono wake taratibu, akaenda zake sokoni.

Siku zilizofuata nilijificha ndani na vitabu. Nikajiambia kwamba nikishafunga nikaha, yule atakuwa kama mama yangu na kumgusa si haramu. Kisha nikakumbuka kuwa nikaha bado. Nikatunga maneno ya kuomba radhi, nikayafuta kichwani, nikatunga mengine. Zaidi ya yote niliogopa kwamba posa itavunjwa na mji mzima utajua kwa nini.

Mwishowe akaja shangazi yangu, ambaye ndiye mshenga wetu. Nilimwamkia, akaitika, akanitazama macho yangu mekundu. Nikamuuliza kama nimekwisha kukataliwa.

"Nani akukatae? Posa iko pale pale," akasema. "Ila mama mkweo hapiti tena darajani. Anavuka na mtumbwi, pale chini."

Nikamwambia mtumbwi ule umeoza, na juzi tu mamba amechukua mbuzi pale pale ukingoni.

"Anajua. Anasema asije akakutana nawe tena ukachekwa."

Siku zote hizo nilikuwa nikipima nitaonekanaje mimi, na yeye alikuwa akiweka miguu yake majini ili mimi nisichekwe. Aibu ya darajani ilikuwa ndogo mbele ya hii.

"Kamwambie daraja ni lake," nikasema. "Mtumbwi nitapanda mimi."

Shangazi akaniuliza kama nimesahau mamba. Nikamjibu kwamba mamba nawajua tangu utoto, linalonishinda ni daraja.

Siku ya soko iliyofuata niliteremka matopeni na kanzu yangu safi. Wapagazi waliokuwa juu waliniona, wakaniita kwa kila jina. Nikaingia mtumbwini, nikaanza kuyachota maji yaliyokuwa yakivujia ndani. Tulipofika katikati nilisikia hatua kwenye mbao, nzito, za mtu mwenye tenga kichwani. Nikashusha kilemba usoni, nikamwomba mvushaji azuie kasia mpaka apite.