Kitambaa cha Shira

Aliyeingia kwa mara ya kwanza katika duka la halua la Machano, ndani ya kichochoro kimoja cha Mkunazini, hakuiona halua kwanza. Aliuona mtungi. Ulikaa mlangoni juu ya kigoda, umefunikwa kwa kibao, na pembeni yake palikuwa na kikombe cha bati na ndoo tupu. Mtu mzima alinunua akaenda zake. Mtoto hakuachiwa hivihivi.

"Kula hapahapa, kisha sukutua," Machano alisema huku akikata kipande na kukiweka juu ya karatasi.

"Nshasukutua nyumbani, Mzee Machano."

"Nyumbani umesukutua chai. Hii halua. Maji hayo hapo."

"Na nikitaka kula njiani?"

"Wa kula njiani hununua njugu. Kwa jirani zipo."

Watoto walicheka, wakala, wakajaza vinywa maji mpaka mashavu yakatuna, wakatema ndooni kwa kishindo. Mcha, mwenzake Machano wa jikoni, alikuwa akisikiliza kule ndani na hakuwahi kukosa neno.

"Bado kuwatia udhu tu! Machano, wewe muuza halua au imamu?"

Machano naye alicheka, na hapo ndipo watu walipomwona meno. Yalikuwa kamili, meupe, yamepangana kama punje za mhindi mchanga, kwa mtu aliyekwisha kuota mvi masikioni. Wageni wengi walidhani mtungi ule ni majivuno ya mtu mwenye meno mazuri. Majirani walijua zaidi. Walimjua binti yake, Wanu, mtoto wa miaka minane aliyecheka na mkono mdomoni.

Machano alizaliwa kijijini Chwaka, na meno yake aliyapata kwa mama yake. Bi Time hakumruhusu mtoto kugusa chakula cha asubuhi kabla hajapiga mswaki. Alikata vijiti mwenyewe vichakani nyuma ya nyumba, akamgawia kila mmoja chake, akasimama kuwatazama wakitafuna ncha mpaka ikawa nyuzi laini. "Na ufizi," alikuwa akisema. "Ufizi ndio ardhi yake. Sugua taratibu, usichimbe." Walikula samaki, muhogo, kunde na kisamvu. Sukari ilitoka kabatini mgeni alipokuja, na mgeni alipoondoka ilirudi kabatini.

Alipokuwa kijana aliingia mjini akapata kazi kwa mpishi wa halua. Mwaka 1964 mwenye duka aliondoka kisiwani, na jiko likabaki mikononi mwa Machano na Mcha, pamoja na sufuria kubwa ya shaba. Mwaka huohuo mke wake, Mwatum, aliugua homa akafariki, akamwacha Wanu akiwa bado ananyonya.

Bi Time alikuja kumchukua mjukuu. "Nipe mtoto niende naye Chwaka. Mwanamume utamlea vipi, na wewe kutwa uko motoni?"

"Nitamlea mwenyewe, mama. Ndiye aliyenibakia."

Yalikuwa maneno ya mapenzi, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Ila Machano mwenyewe, katika miaka iliyofuata, alirudi kwenye maneno yale mara nyingi, kama mtu anayerudi kutazama mlango aliosahau kuufunga.

Kazi ya halua ina sharti moja. Wanga ukishaingia katika shira, yale maji ya sukari yanayochemka, mwiko hausimami. Unakorogwa mfululizo, samli inamwagiwa kidogokidogo, mpaka halua ijivute na kuachana na sufuria. Mkono ukiacha, chini inashika, na ikishashika moshi wake unaingia sufuria nzima. Machano na Mcha walipokezana, lakini kila mmoja alikuwa na zamu yake, na katika zamu yake hakuwa na mkono wa kumbebea mtoto.

Wanu alilazwa kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko. Siku moja alilia hadi sauti ikamkauka. Mcha alikuwa ametoka kufuata kuni. Machano alitazama sufuria, akamtazama mtoto. Kwa mkono mmoja alivuta kitambaa safi, akachovya ncha yake katika bakuli la shira iliyopoa, akaifunga fundo kwa msaada wa meno, akauvuta mkeka kwa mguu, akamwinamia mtoto na kumtia mdomoni. Kilio kikakatika. Wanu alinyonya, macho yakamlegea, akalala.

"Umempatia dawa," Mcha alisema aliporudi.

Tangu siku hiyo kitambaa cha shira kikawa mlezi. Kilimnyamazisha mchana jikoni. Baadaye Machano akaanza kurudi na bakuli dogo nyumbani, kwa sababu usiku mtoto alimtafuta mama yake na baba hakuwa na jibu lingine. Wanu alilala na fundo mdomoni, na asubuhi alilikuta palepale.

Meno yalipoota yalikuwa mazuri. Kisha yale ya juu ya mbele yakaonyesha mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi. Mstari ukageuka manjano, manjano ikageuka hudhurungi, na mtoto hajatimiza hata miaka mitatu, meno yakaanza kumeguka kama kuta zilizonyeshewa.

Bi Time alikuja mjini kwa sikukuu, akamkalisha mjukuu mapajani na kumfungua mdomo.

"Machano."

"Naam, mama."

"Nini hiki? Umemfanya mtoto nzi wa halua?"

"Meno ya utoto hayo, mama. Yatang'oka yenyewe, yaje mengine."

"Nani kakwambia ya utoto hayana kazi? Nyumba inayoungua haichagui chumba. Mwondolee hicho kitambaa. Mpe maji, mpe muhogo atafune, na asubuhi na usiku umpitishie mswaki."

Machano aliitikia. Alikusudia kweli. Lakini usiku wa kwanza bila kitambaa Wanu alilia mpaka majirani wakagonga ukuta, na usiku wa pili Machano akachovya.

Majirani walisema ni mdudu wa meno, na kila mtu alikuwa na jani lake la kumfukuzia. Machano alitaka kitu cha maana zaidi. Aliuliza madukani mpaka akapata dawa ya meno ya kubinya, iliyotoka ng'ambo, bidhaa ambayo haikuonekana kila siku, pamoja na brashi ndogo. Alirudi nyumbani amefurahi. Kwake yeye, chombo kilichoitwa dawa kilikuwa cha kutibu: unapaka, kidonda kinapona. Kila usiku alimpiga Wanu mswaki kwa uangalifu, akajaza dawa ndani ya matundu kama fundi anayeziba nyufa. Wanu aliipenda kwa utamu wake na akailamba. Kisha baba akamlaza, akamtia kitambaa cha shira mdomoni, akazima taa.

Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Kama hangejali, angejihukumu kwa uvivu na basi. Lakini alijali. Kila usiku alisafisha kwa mkono mmoja na kuchafua kwa mwingine, na hakuona kwamba ni mikono ya mtu yuleyule.

Wanu alipofikia miaka minne, aliamka na mdomo wa juu umevimba hadi puani. Machano alimbeba mpaka hospitali. Muuguzi wa meno, Bi Biasha, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alimtazama mtoto, akauliza anakula nini, anakunywa nini, analala na nini. Machano alipofika kwenye kitambaa, sauti ilimpungua.

"Dawa ya meno nampaka kila usiku, bibi," aliongeza haraka.

"Kabla ya shira au baada?"

Bi Biasha hakumgombeza, na huenda angemgombeza ingekuwa nafuu.

"Dawa ile inasaidia kusafisha, baba Wanu. Haizibi tundu, wala haiwezi kushindana na sukari inayokaa mdomoni usiku kucha. Usiku mate yanapungua. Utamu ukikaa pale unageuka uchachu, na uchachu unakula jino. Kijiti cha mswaki, maji matupu, na mdomo uliopumzishwa baina ya chakula na chakula, hivyo vingemtosha."

Daktari aliyang'oa meno mawili ya juu ya mbele, maana yalikwisha kuoza mpaka mizizini. Machano ndiye aliyemshika Wanu kichwa. Baadaye Bi Biasha alimkalisha pembeni.

"Chini ya haya kuna mengine yanajitengeneza. Sasa usaha umekaa juu yake. Mungu akijaalia, hayakudhurika. Lakini jino likitolewa mapema hivi, ufizi unaweza kuwa mgumu, lililo chini likachelewa. Itabidi usubiri."

Jioni ile Machano alikitupa kitambaa motoni. Siku ya pili alinunua mtungi. Wanu alilia usiku kadhaa, na safari hii baba alikaa naye kitako, akimpa maji na kumwimbia kwa sauti yake mbaya. Asubuhi walitafuna vijiti pamoja barazani. Meno mengine ya Wanu yalisalimika. Pengo la mbele likabaki kusubiri.

Alipotiwa chuoni kusoma Kurani, ikaonekana kwamba mtoto yule ana sauti. Bi Mwanapili, mwalimu wake, alikuwa mkali wa matamshi. Herufi isiyotoka mahali pake aliirudisha mara kumi. Alimpenda Wanu kuliko alivyotaka kuonyesha, na mwanzoni mwa mwaka 1972 alipita dukani kwa Machano.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Machano, mwezi wa Mfungo Sita chuo kinasoma maulidi. Nataka Wanu afungue kwa sura ya Alam Nashrah."

Machano alifuta mikono kwenye kikoi. Furaha ilimpanda, lakini mwalimu hakuwa amemaliza.

"Sauti anayo, pumzi anazo. Lakini mle mna maneno matatu ambayo ncha ya ulimi lazima iguse meno ya juu. Yake hayapo. Pumzi inapita pengoni, herufi inapwaya. Wenzake wanamcheka, naye sasa akifika hapo ananyamaza kabisa. Mimi nshamwambia mwenye udhuru hana lawama, anaweza kusoma hivyohivyo. Hataki. Anasema atasoma meno yakiota."

"Yakichelewa?"

"Yakichelewa atafungua mwingine. Mtoto wa watu siwezi kumlazimisha."

Jioni Machano alisikia mwenyewe akiwa nyumbani. Watoto walikuwa wakicheza chini ya dirisha, na mmoja wao akaanza: "Wanu kibogoyo! Wanu bibi kizee, pondewa tambuu!" Wengine wakaitikia. Wanu aliuacha mchezo. Alipanda ngazi, akakaa karibu na baba yake.

"Baba, wenzangu wote yameota. Ya mwenzangu Mkubwa makubwa kama jembe. Yangu kwa nini?"

Machano alikuwa amelijua swali hilo siku nyingi, na jibu lake alilifunga moyoni kwa miaka.

"Kwa sababu yangu," alisema. "Ulikuwa mdogo, ukilia. Mimi sikuacha mwiko. Nilikupa sukari unyamaze."

Wanu alimtazama. "Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu mno."

"Mimi siikumbuki," mtoto alisema, akamwegemea. Machano alitamani angemkasirikia.

Mfungo Sita uliandama. Sukari ilikuwa adimu wakati huo, na wazazi wa chuo walikusanya kila mmoja kidogo alichonacho, wakampelekea Machano apike halua ya maulidi. Sufuria moja, na hakuna ya kurudia. Asubuhi ya siku moja kabla ya maulidi aliwasha moto, shira ikachemka, wanga ukaingia, mwiko ukaanza safari yake. Mcha alitoka kwenda kutafuta iliki.

Wanu aliingia jikoni anakimbia.

"Baba! Kuna kitu. Nikipitisha ulimi kinanikwaruza. Tia kidole!"

Machano alitazama sufuria. Halua ilikuwa imeanza kuwa nzito, pale hasa ambapo mkono haupaswi kuacha. Akamtazama mtoto, amesimama palepale ulipokuwa ule mkeka, mdomo wazi.

Aliuacha mwiko.

Alinawa mikono kwa maji ya mtungi, akasugua vidole mpaka samli ikatoka, akapiga goti. Ufizi ulikuwa umetuna na kung'aa. Alipitisha kidole taratibu, na chini ya ngozi, kwa upande mmoja, akakutana na ukingo mgumu, mwembamba. Haukuwa umetoka. Kwa upande mwingine hakuhisi kitu. Alirudia.

"Ni lenyewe?" Wanu aliuliza, kidole kikiwa bado mdomoni.

"Nadhani ni lenyewe. Bado halijapasua."

"Mpaka kesho litapasua?"

Harufu ya kuungua ilijaa jikoni. Mcha alitokea mlangoni na iliki mkononi, akapiga ukelele.

"Machano! Halua inashika! Umerogwa? Halua ya maulidi hii!"

"Koroga wewe," Machano alisema bila kugeuka. "Toa ya juu, ya chini iache. Wanu, fungua tena, nitazame kwenye mwanga."

Alimwongoza mpaka mlangoni penye jua, Mcha akilaani na kukoroga nyuma yao. Wanu aliinua uso, akafumba macho, akaufungua mdomo kadiri alivyoweza. Kisha kwa sauti ndogo akalijaribu lile neno la kwanza lililokuwa likimshinda, ulimi ukitafuta mahali pa kugusa, na baba yake akainama karibu zaidi, kusikiliza na kutazama.