Mlango wa Saba

Bwana shauri, mzungu mtawala wa bomani, alitaka historia ya kila kijiji: nani walifika kwanza, nani walichimba kisima, nani wanakaa wapi. Kwetu aliyejua kuandika nilikuwa mimi peke yangu, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, niliyesomeshwa na misheni mpaka darasa la mwisho. Baba mkwe, aliyekuwa jumbe, mkuu wa kijiji, ikambidi anitumie mimi.

Shida ni kwamba kwetu mkwe hasemi na baba mkwe wala hamtazami usoni. Basi mimi nilikaa chumbani kwangu, yeye nje upande wa pili wa ukuta, na mama mkwe akasimama mlangoni kuyabeba maneno. Siku tatu kijiji kizima kiliingia chumbani mwangu kwa mdomo wa bibi mmoja: wazee waliotoka kusini na ng'ombe wawili, mwaka wa njaa walipokula ngozi, kisima kilichochimbwa na wanawake kikapewa jina la mwanamume. Hilo la wanawake mama mkwe alilichomeka mwenyewe, kwa sauti ya chini. Nikaliandika.

Siku ya tatu tukafika kwenye nyumba yetu. Tembe letu lilikuwa refu, limezunguka zizi pande tatu, paa la udongo, kila mke na mlango wake. Mzee akaitaja milango mmoja mmoja na wenyewe. Nikaandika sita. Halafu akahamia kwenye zizi.

Wa saba ulikuwa wangu. Mume wangu alikwenda kujenga reli. Masika matatu, hata salamu hakuna. Nilijua maana ya mlango wangu kurukwa. Chumba kitakuwa cha ndama, na mimi nitarithiwa na shemeji yangu mkubwa, ambaye alikuwa ameshaanza kuniita mke wake pale kisimani, watu wakicheka.

"Mama, muulize, mlango huu niliomo ni wa nani?"

Mama mkwe akageuka, akamwambia mumewe kwamba mkwe anauliza kama amemaliza. Ndivyo alivyozoea, kuyalainisha maneno ya watu. Nikarudia mwenyewe, kwa sauti iliyopita ukutani bila kubebwa. Mzee hakunijibu mimi, alimjibu mkewe.

"Mwambie mlango ni wa mwanamume. Mwanamume akionekana, tutauandika."

Paa lile nilikuwa nikilikandika mimi, kila mwaka kabla ya mvua, mara na mimba, mara na mtoto mgongoni. Nikaandika: mlango wa saba ni wa mwana wa tatu wa jumbe, yuko relini, mkewe na mtoto wao wamo ndani.

Karani wa boma alipokuja aliisoma historia yote mbele ya watu. Kwenye mlango wa saba mzee akafungua mdomo, akaufumba. Jumbe angemwambiaje karani kwamba hajui milango ya nyumba yake? Muhuri ukapigwa.

Hakuna aliyenigombeza. Heri wangenigombeza. Mama mkwe hakusimama tena mlangoni kwangu, na wake wa shemeji zangu wakawa wanakwenda kisimani kabla sijatoka. Mwanangu alijifunza kusema mwaka ule, na maneno yake yote aliyatoa kwangu, maana hakuna mwingine aliyesema naye. Hata maji alikuwa akiyaomba kama mtu anayegomba, kwa sauti yangu ile iliyopita ukutani.