Hapana ya Ndugu Yangu

Ndugu yangu mdogo, mwenye bucha katika soko la Gakoromone, alipatwa na kiharusi akiwa kazini. Mkono wake wa kulia ulilegea, na maneno yakaondoka pamoja nao. Mtaalamu wa usemi huko Embu alitueleza kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio uliokuwa ukitawala vyote viwili. Mgonjwa alijua alitakalo, ila njia kutoka kwenye wazo hadi kwenye ulimi ilikuwa imeharibika, na ingefunguka tena kwa kutumiwa tu. Hata ndiyo na hapana zingeweza kubadilishana nafasi mdomoni. Nilimsikiliza kama mtu anayesomewa bei ya mbolea.

Kisha akamgeukia ndugu yangu. "Mzee, umekula?"

"Amekula," akajibu shemeji yangu, mkewe.

"Mama, nimemuuliza yeye. Kila neno unalomsemea, unamnyima zoezi."

"Nimwache aaibike?"

Kwetu ni utovu wa adabu kumtazama mtu mzima akihangaika. Shemeji alimjibia kwa heshima, na kwa heshima hiyo akazidi kumfanya bubu.

Posa ya binti yao ilikuwa imekwisha kupangwa. Msemaji wa ukoo anaweza kuzungumza kutwa nzima, lakini baba wa binti hutamka mwenyewe kwamba amewapokea wakwe, ndipo kibuyu cha uji kizungushwe. Shemeji alitaka niseme kwa niaba ya mumewe. Nilikataa.

"Baba mkubwa, na akishindwa?" binti aliniuliza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tutangoja."

Siku hiyo mzee wa upande wa bwana harusi aliuliza, "Mwenye mji, umetupokea?"

Ndugu yangu akafumbua mdomo, akaufumba. Shemeji akavuta pumzi ili amjibie, nikamkazia macho.

"Bei ya nyama alikuwa akiitaja upesi kuliko hivi," mgeni mmoja akatania. Wachache wakacheka.

"Hapana," akasema ndugu yangu kwa Kimeru, waziwazi, kwa sauti yake ya zamani.

Binti akainamisha kichwa. Mzee wa wageni akachukua kofia yake. Nikawaeleza habari za ubongo, na masikioni mwangu mwenyewe maelezo yale yalisikika kama hila.

"Kwa hiyo akikataa, amekubali?" mzee akauliza. "Na akikubali, tuondoke?"

Lilikuwa swali la haki. Ningepaswa kuona aibu, lakini sikuhisi chochote. Nikamwomba ndugu yangu ajaribu tena.

"Hapana," akasema, akajipiga gotini kwa hasira. "Hapana!"

Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kukitwaa kibuyu. Hakuna anayempa mkwe kitu kwa mkono huo. Shemeji akainuka ili amshikie. Nikamshika ukosi wa nguo, nikamzuia. Ndugu yangu akanywa, uji ukamchuruzika upande wa mdomo uliolegea, akamwelekezea mzee kibuyu.

Mzee aliutazama mkono ule. Akaweka kofia chini, akapokea kwa mikono miwili.

"Tumepokelewa," akasema, naye akanywa.

Wanawake wakapiga vigelegele. Binti alilia begani mwa mama yake. Mimi niliketi palepale, nikijua kwamba nilipaswa kufurahi. Ndugu yangu aliendelea kumwambia hapana, taratibu, kila mgeni aliyekuja kumwamkia, na safari hii hakuna aliyemsemea.