Sahani ya Pili

Jumanne, katika kliniki moja ya Kabiro, nilikaa nyuma ya fundi viatu mzee kutoka Lindi, aliyekuwa akingoja kupasuliwa saratani ya utumbo mpana. Nesi aligonga majibu yake ya damu kwa kalamu.

"Mzee, protini imeshuka tena. Ukipasuliwa hivi, kupona itakuwa ngumu. Si nilikuambia ule maharagwe?"

"Napika, sista. Napakua sahani mbili kama zamani, halafu naziangalia tu."

Nesi akaandika: hana hamu ya kula.

Mzee akaishika ile kalamu. "Hamu iko. Mwenye sahani ya pili ndiye tuliyemzika."

Nesi alitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika hilo, akakosa, akaita mwingine.

Mwingine nilikuwa mimi. Damu yangu, aliniambia, iko sawa. Hakuniuliza nakula na nani. Ningemjibu: na redio.