Eneida Mindiola, Fundi wa Kodiani

Lisandro Pitre alimfukuza mkewe mchana kweupe, watu wakitoka kanisani. Alimtupia barazani bembea yake ya kulalia na sufuria moja. Nyuma yake alisimama mwanamke mwingine, aliyerudi naye kutoka Riohacha, amevaa viatu vya kisigino kirefu.

"Nenda," akamwambia. "Tuone kama bila mimi utaweza kununua hata chumvi."

Mke huyo alikuwa Eneida Mindiola. Alirudi kwa mama yake, mfua nguo, ambaye nyumba yake na yangu zinashiriki ukuta mmoja. Aibu ile ingepita kama aibu nyingine zinavyopita, lakini Lisandro alikuwa mpiga kodiani, tena wa kusifika, na kwetu mpiga kodiani akigombana na mtu humtungia wimbo. Akamtungia. Wimbo ulimtaja Eneida kwa jina. Ulisema wali wake huungua chini, juu ukabaki mbichi, na kwamba hata mbwa wa nyumbani walihamia kwa jirani. Ulikuwa wimbo mtamu, na hapo ndipo ulipouma zaidi. Kabla mvua hazijaanza ulikuwa ukiimbwa kwenye sherehe za ubatizo, kwenye uwanja wa kupiganisha majogoo, kwenye malori ya mbuzi. Watoto walimwimbia akipita na ndoo kichwani.

"Watasahau, shoga," nilimwambia.

"Wasahau wasisahau, mimi sisahau. Nataka siku moja aje mlangoni kwangu, kofia mkononi."

"Mlango gani? Wewe huna mlango."

"Nitakuwa nao."

Akaenda kwa mzee Ovidio, fundi pekee wa kodiani kuanzia milimani hadi baharini. Mzee alikuwa mkali kama pilipili kichaa, na masikio yake yalikuwa yameanza kumtupa, siri aliyoificha kuliko fedha. Eneida aliijua. Katika miaka yote ya ndoa yeye ndiye aliyepeleka kodiani ya mumewe kwa fundi na kuirudisha. Tena ukipika kila siku huku mtu anafanya mazoezi nyuma ya jiko, sikio lako linanoleka utake usitake.

"Mwanamke hafanyi kazi hii," mzee alimwambia. "Kapike."

"Mimi na kupika? Kwani wimbo hujausikia, mzee?"

Mzee akacheka hadi akakohoa. Eneida akangoja amalize, kisha akasema taratibu, "Kodiani uliyomrudishia Chema Daza ina ulimi unaolia chini kidogo, safu ya ndani. Chema amekaa kimya kwa heshima. Wengine hawana heshima yake."

Kicheko kikakatika. Mzee akatazama barabarani kushoto na kulia.

"Funga mlango, binti. Na usimwambie mtu."

Ndivyo alivyoanza. Ndani ya kodiani mna ndimi nyembamba za chuma, na upepo wa mivukuto ukipita kila ulimi hulia sauti yake. Ukikwangua ncha, sauti inapanda. Ukikwangua shina, inashuka. Eneida aliharibu ndimi nyingi. "Unaparua samaki?" mzee alimfokea. "Chuma ukishakiondoa hakirudi!" Alijifunza kuchemsha nta ya nyuki na utomvu wa msonobari, gundi ya kushikiza ndimi mahali pake, akaungua vidole hadi ngozi ikawa sugu. Wapiga kodiani waliokuja walimtania: "Fundi, leo umetupikia nini?" Naye alikuwa akiwaelekezea kijiko: "Nta. Funua mdomo uonje, ingali ya moto."

Kila alipochoka, mtaa ulimsaidia kuendelea, maana hapakukosekana mtu wa kupita akiimba wali ulioungua. Aliniambia chuki ilimwamsha alfajiri kuliko jogoo.

Miaka ikaenda. Mzee alipoanza kutetemeka mikono, wateja wakamhamia Eneida. Akajenga chumba chake cha matofali kinachotazama barabara, akaweka mlango wa mbao nzito, kisha mama yake akaacha kufua nguo za watu. Siku ya kufungua, Eneida alinunua gunia zima la chumvi ya Manaure akaliegemeza kizingitini, watu wapite walione. Lisandro aliona heri kuipeleka kodiani yake hadi Barranquilla kuliko kupita pale. Ikarudi inalia kama kengele ya baiskeli, na vijana waliotengenezewa na Eneida wakaanza kumshinda kwenye mashindano.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Siku moja kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu, Lisandro aliacha kodiani ndani ya gari, kwenye jua lile letu. Nta ikayeyuka, ndimi zikadondoka. Alasiri akasimama mlangoni kwa Eneida, kofia mkononi. Mimi nilikuwepo, Chema Daza alikuwepo anakunywa kahawa, lori lake nje, na mzee Ovidio alikuwa kitini pake.

"Eneida, nimeharibikiwa. Kesho asubuhi napanda jukwaani."

"Weka hapo, bwana."

Akaifungua. Akatoa ndimi zote, nzima na zilizolegea, akakwangua nta, akazipanga juu ya kitambaa. Kazi yote aliifanya huku anaimba polepole ule wimbo wa wali, ubeti kwa ubeti. Lisandro jasho lilimtiririka. Mwisho Eneida akafuta mikono.

"Njoo wiki ijayo."

"Wiki ijayo? Shindano ni kesho!"

"Mji mzima unajua."

"Basi nirudishie kama nilivyoileta!"

Eneida akakusanya ncha za kitambaa, akamsukumia. "Chukua. Zipange mwenyewe."

Chema aliangua kicheko. Lakini kitambaa kilifunguka, ndimi zikamwagika, na Lisandro akapiga magoti kuziokota, mvi zake tukaziona. Chema akaacha kucheka. Eneida hakuacha kutazama. Baadaye aliniambia picha ile ilimshuka kooni kama maji ya mtungi wakati wa kiangazi.

Lisandro aliziacha mezani akaondoka mikono mitupu. Ndipo mzee Ovidio akapiga fimbo sakafuni.

"Yeye alikukosea. Kodiani je, ilikukosea nini?"

"Mzee, wewe hujawahi kuimbwa."

Mzee akaondoka na hakumsemesha mpaka sikukuu ikapita. Wapiga kodiani nao wakanong'ona, leo Lisandro, kesho mimi. Meza ikabaki na kodiani ile moja tu, Eneida akawa anafagia chumba kisicho na vumbi. Kisha asubuhi moja mzee akaja, akaketi kitini.

"Utaimaliza nikiwa nimekaa hapa. Halafu mchukie upendavyo."

Eneida akaimaliza kwa meno yaliyokazwa, akampelekea Lisandro kwa lori la Chema bila salamu.

Mwaka uliofuata Lisandro alipanda jukwaani nayo. Eneida alisimama pembeni ya uwanja pamoja nami, mikono kifuani. Kodiani ililia hata wauza nyama wakaacha kupepea makaa.

"Inalia vizuri," nikasema.

"Najua. Mimi ndiye ninayeiliza."

"Basi umemsamehe?"

"Thubutu!" Akainamisha sikio upande wa jukwaa. "Safu ya nje, ulimi mmoja umeanza kulegea. Mvua zikija ataniletea. Na atakaa foleni nyuma ya watu wote, nyuma hata ya wale wanaojifunza."

Akaninunulia nyama ya mbuzi, tukala tumesimama, tukimsikiliza.