Mguu wa Wakili

Mtaani walimwita Breki. Alikuwa mwalimu wa udereva, na gari lake la kufundishia lilikuwa na breki na klachi za ziada upande wa abiria, anakokaa yeye. Kazi ile ilimwingia mwilini. Akipewa lifti kwenye gari la mtu mwingine, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kila kona, na hata akiwa kwenye kochi anaangalia mpira, beki akizubaa tu unyayo unashuka kwa nguvu. Mkewe, fundi cherehani mwenye chumba chake cha kazi mbele ya nyumba, alikuwa akisema zulia lile litatoboka siku moja.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, naye alikuwa na jina lake la utani: Wakili. Tangu ajue kusema hakukubali jambo bila kupewa sababu. Ukimwambia akalale, anataka kujua nani alipitisha sheria hiyo. Alipofika miaka kumi na sita alikuwa amempita mama yake kimo, mdomo umenolewa, na baba yake alijifanya kuchoshwa na mabishano hayo huku akiyasimulia kwa wanafunzi wake kila asubuhi.

Goti la kushoto la Wakili ndilo lililoanza. Lilimuuma kwanza akipanda ngazi, kisha likawa linamuuma hata akiwa amekaa. Walichua, wakafunga bandeji, mtu wa duka la dawa akawaambia ni mambo ya kukua. Lilipovimba na ngozi ikaanza kung'aa, wakampeleka hospitali kubwa. Picha zikapigwa, kipande cha mfupa kikachukuliwa kwenda kupimwa, na baada ya hapo wazazi wakaitwa peke yao.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, lakini asiyezungusha maneno. "Ni saratani ya mfupa," alisema. "Tutaanza na dawa kali za kuipunguza, halafu upasuaji. Ningependa kumweleza binti yenu mwenyewe, nanyi mkiwepo."

Mguu wa Breki ulikanyaga sakafu. "Hapana. Yeye asiambiwe."

"Baba, kwa umri wake..."

"Ana mitihani. Aimalize kwanza. Nakuomba, daktari, tafadhali sana."

Mkewe aliukumbatia mkoba mapajani. Daktari akasema atawapa muda kidogo, ila mgonjwa akimuuliza, hatasema uongo. Nje koridoni, mke akamgeukia mumewe. "Hilo fundo umelifunga wewe. Mimi usinishikishe."

Lakini alilishika, maana angefanyaje? Walipofika nyumbani Wakili akauliza majibu, na Breki akasema ni maambukizi, mabaya kidogo. Mama aliinamia cherehani yake akaupitisha tena mshono aliokwisha kuushona.

"Maambukizi ya nini?" Wakili aliuliza.

"Ya mfupa."

"Hiyo ni sehemu. Nimeuliza ya nini."

"Ya wadudu."

Wakili akamtazama usoni. "Sawa," akasema. Maishani mwake hakuwahi kusema sawa upesi namna ile, na hilo peke yake lingetosha kumshtua Breki, kama ndani yake pangebaki nafasi ya kushtuka.

Kuanzia hapo maisha yake yakawa vyumba viwili vidogo. Asubuhi ni garini, vioo vimepandishwa kwa ajili ya vumbi, bega kwa bega na mwanafunzi anayetokwa jasho. Mchana ni wodini, kwenye kiti cha plastiki kilichobanwa kati ya kitanda na kabati. Juu ya mlango wa wodi palikuwa na kibao cha herufi kubwa za buluu kinachosema wazi wanaolazwa humo wanaumwa nini. Siku ya kwanza alimsukuma binti yake kwenye kiti cha magurudumu huku amemwinamia, anamsimulia habari za mwanafunzi aliyewasha vifuta mvua akidhani anapiga honi, ilimradi tu asiinue macho. Nesi aliyewashikia mlango alimwangalia Breki kama mtu asiyekuwa sawasawa.

Uongo ule ukawa kazi yake ya pili. Kila zamu ya wauguzi ilipobadilika aliwahi kuwabembeleza wapya wasilitaje neno lile. Nywele za Wakili zilipoanza kudondoka alisema hizo dawa za wadudu ni kali mno. Wakili akakubali. Alikubali kila kitu. Na garini mwanafunzi mmoja, mama mpenda soga, alimuuliza kila somo, "Haya mwalimu, wakili wako kakushinda kesi gani leo?" Breki akawa anatunga mabishano ambayo hayakutokea, wala mle garini hapakuwa na mahali pa kukimbilia.

Alasiri moja Wakili alitapika mpaka akabaki anatetemeka. Baba yake alikuwa amemshikia beseni.

"Baba," alisema, uso ungali juu ya beseni, "mbona umeacha kunigombeza?"

"Nikugombeze kwa nini?"

"Juzi nilikwambia shati lako linanuka soksi, ukacheka. Zamani ningepewa hotuba ya adabu kutoka hapa mpaka kesho." Akapumzika kidogo. "Nilijua ni saratani tangu uliposema wadudu. Isitoshe imeandikwa pale mlangoni, na ninyi ndio mlionipeleka shule."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unajitahidi sana. Nikaona nikuache."

Breki alitamani kutoka, aende popote, hata akasimame chooni. Lakini beseni lilikuwa mikononi mwake na mtoto alikuwa anaanza kutapika tena.

Dawa zilipokwisha kutolewa awamu ile, daktari alikuja na picha mpya. Safari hii aliongea na Wakili mwenyewe. Uvimbe haukupungua kama walivyotumaini, na mguu hauwezi kuokolewa. Ingebidi ukatwe juu ya goti. Wakili aliuliza maswali yake moja baada ya jingine, kwa sauti kavu. Je, wangesubiri? Wangekata pale penye ubaya tu? La mwisho akauliza, "Na msipokata?"

"Itapanda kwenye mapafu," daktari alisema. "Ikifika huko, sidhani kama nitaweza kukuponya."

"Sikatwi," Wakili alisema, akageukia ukutani.

Ofisini kwake daktari alimwambia Breki kwamba kisheria sahihi ya mzazi inatosha. "Ila binti wa umri huu sipendi kumwingiza chumba cha upasuaji kwa nguvu. Na siwezi kukupa muda mrefu."

Mkewe hakuwa na la kujadili. "Tia sahihi. Mimi namtaka mtoto, habari za miguu tutaongea baadaye."

"Nimeshamdanganya. Sasa nimburute pia?"

"Unadhani kutotia sahihi ni kumwonea huruma?"

Breki akachukua funguo za gari akatoka. Kesho yake, kwenye barabara nyeupe isiyo na gari wala mtu, alikanyaga breki mpaka yule mama mpenda soga akarushwa mbele na mkanda ukamkaba. "Nimekosea nini, mwalimu?" Breki akamwambia hajakosea kitu, aendelee. Lakini yeye mwenyewe alishindwa kuinua mguu, na gari likazimika palepale.

Alikwenda wodini kabla ya saa za kuona wagonjwa, wakamruhusu.

"Sikudanganyi tena," alimwambia mgongo wa binti yake. "Naweza kutia sahihi leo hii. Sitaki kutia ukiwa umenigeuzia mgongo."

"Unataka niseme ndiyo ili roho yako itulie."

"Ndiyo. Na ili uishi."

 Wakili akageuka taratibu, akiuinua mguu kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine. "Siwezi kusema ndiyo, baba. Mdomo unakataa. Sitaki kila nikijitazama nikumbuke ni mimi niliyesema. Tia wewe. Mimi nitakuchukia wewe, hiyo nitaiweza."

"Nichukie."

"Sitanii. Nitakuchukia kweli."

"Najua, mama."

Wakili alitaka kuona kwa macho yake, kwa hiyo Breki aliomba fomu akaitia sahihi palepale juu ya kabati.

Upasuaji ulikwenda vizuri, na Wakili alitimiza ahadi. Aliongea na mama yake, akataniana na manesi, lakini baba akiingia anafumba macho. Breki alikuja hivyo hivyo kila mchana, akakaa kwenye kiti chake, magoti yakigusa chuma cha kitanda, akiangalia pale shuka lilipolala bapa. Daktari alisema wameiondoa yote waliyoiona. Ila dawa zingeendelea, na mapafu yangepigwa picha kila baada ya muda, kwa miaka. Hakuna aliyemwambia yamekwisha.

Siku alipopewa magongo, Wakili alitoka koridoni akitweta, kichwa kipara kikimeta jasho. Breki alimfuata unyounyo, mikono ameitanguliza tayari kumdaka.

"Baba, niondokee njiani."

Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia baba yake tangu upasuaji. Breki alirudi nyuma upesi, akajibana kati ya ukuta na toroli la mashuka machafu. Wakili akapita bila kumtazama, akaenda mpaka mwisho wa korido, akageuka kwa taabu, akaanza kurudi.

"Bado upo hapo?"

"Nipo."

"Basi kaa hapo hapo."

Akakaa.